Gaidi wa Llanwennol

Mjukuu wangu mmoja, mzaliwa wa Wembley, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza siku moja nilikuwa nikifanya kazi gani wakati wa nguvu zangu. Nikamwambia nilikuwa gaidi. Akatazama mlango, akatazama dirisha, kisha akanishauri kwa upole nisije nikayarudia maneno hayo kwenye simu.

Nawaandikia basi nyinyi nyote wa umri wake, msije mkanizika na sifa isiyo yangu. Kazi yangu ilikuwa kutembeza watu kwa basi. Nilisimama kando ya dereva na kipaza sauti mkononi, nikiwaeleza abiria wanachokiona dirishani na wanachopaswa kukisikia moyoni. Waingereza wanamwita mtu huyo gaid. Ulimi wetu sisi hauliachi neno likining'inia bila irabu, tukalimalizia. Kila Jumapili ya majira ya joto, alfajiri, Kingsbury Road ilisikika sauti ya bibi mmoja au mwingine ikiuliza, "Gaidi yuko wapi? Sote tushafika, tunamngoja yeye tu atuchukue." Siku hizi ukiuliza hivyo kwa sauti pale njiani utachukuliwa kweli.

Skuli niliiacha mapema. Mwalimu alikuwa akiuliza maswali ambayo majibu yake anayo tayari, na mimi nikaona huo ni uchoyo. Baada ya Mapinduzi niliondoka Unguja kama wengi walivyoondoka, ila wao walijua wanakokwenda. Mimi nilitengeneza baiskeli Mombasa, nikauza vitambaa Aden, nikamenya mbatata jikoni melini, na meli ilipochoka na mimi ikaniteremsha London. Hayes nilipanga makopo ghalani. Nilifukuzwa kwa sababu nilikuwa nikiyasoma badala ya kuyapanga. Nilitaka kujua maharage yale yametoka wapi na nani kayachuma.

Aliyenipa kazi ni Bwana Kanji, mzaliwa wa Mkunazini kwetu Unguja, mwenye duka la sari, udi na pilipili pale Kingsbury. Alikuwa amenunua basi kuukuu lililoandikwa ubavuni jina la timu ya mpira isiyokuwepo tena. Nilikuwa nikiingia dukani mwake kuuliza habari za kila kitu na kununua kitunguu kimoja. Siku moja akaniambia, "Shaame, mtu anayeuliza hivi lazima ataweza kujibu. Jumapili njoo na suruali safi."

"Na wakiniuliza nisilolijua?"

"Utalijua. Mgeni halipii anachokiona, bwana. Analipia atakachokwenda kusimulia."

Hilo ndilo somo langu la kwanza katika kazi, na sijapata kusikia lililo bora. Mengine niliyapata kwa kuumia. Usihesabu vichwa, kwa mfano. Vichwa vinahama viti, vinalala, vinainama kutafuta kiatu. Hesabu vikapu. Mtu wetu anaweza kumsahau mumewe ufukweni, lakini kikapu cha maandazi hakisahau. Tena, historia ya mahali popote, hata pawe pameteremka malaika, huanza baada ya choo. Ukiwaeleza watu habari za vita vya kale na kibofu kimejaa, watakumbuka kibofu. Na usitaje saa bila kusema ni saa ya nani. Nilipata kutangaza kwamba basi litaondoka saa kumi. Wazee wote wakawa vitini jua likiwa bado linawaka. Vijana, ambao Kiswahili wamekijulia jikoni, walihesabu kumi ya Kiingereza. Tuliwakuta wamekaa juu ya ukuta wakila chipsi kwa utulivu wa mtu mwenye jioni nzima mbele yake.

Mtaniuliza kwa nini tulikuwa tukienda Llanwennol, kijiji cha pwani ya Wales ambacho Waingereza wenyewe hawakijui. Bwana Kanji alikuwa na hoja. Alisema fukwe za karibu na London zimejaa watu wa Kingsbury, na nani atalipa nauli kwenda kuonana na jirani yake? Basi walilipa nauli ya mbali zaidi, wakaenda na majirani hao hao ndani ya basi moja. Jina la kijiji lilitushinda. Ile Ll ya mwanzo haitamkwi kwa ulimi bali kwa pembe za mashavu, kama paka anayefukuza paka mwenziwe. Abiria wangu wakaacha kujisumbua. Walikwenda "Lani".

Safari ya kwanza, tuliposhuka kilima cha kuingilia kijijini, tukaona barabarani maandishi meupe makubwa, kila herufi kubwa kama kitanda: ARAF.

Maalim Bakari akasimama. Huyu alikuwa akisomesha chuo cha Kurani Malindi ya Unguja, na London alikuwa akilinda jengo la ofisi Croydon, kazi ambayo alisema inafanana na ya zamani kwa kuwa nako pia hakuna anayekusikiliza. "Mmeona?" akauliza basi zima. "Aaraf. Ule ukuta baina ya Pepo na Moto. Watu wake hawamo huku wala hawamo kule. Wamekaa juu yake wanangoja."

Kamau, dereva wetu, mtu wa Nyeri, alisema bila kugeuza shingo, "Maalim, hiyo ni Kiwelshi cha kusema polepole. Na hapo chini wameandika SLOW, ya wale wasiojua Kiwelshi."

"Wewe endesha," Maalim akamwambia.

Macho yote yakanigeukia mimi. Nikashika kipaza sauti, nikasema wote wawili wana haki. Hapa ni Aaraf, na ndiyo maana lazima tuingie polepole. Watu wakapiga makofi. Vijana, kazi ya gaidi kwa ufupi ni hiyo.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Bi Ruzuna, aliyekaa kiti cha mbele na kikapu chake mapajani, alitazama yale maandishi yakipita chini ya basi. Akasema, "Basi nishafika kwetu."

Tulioijua habari yake tuligeukia madirishani. Bi Ruzuna alikuwa akisafisha ndege Heathrow, mwanamke mkali wa maneno, mpishi wa maandazi yasiyo na mfano. Alikuwa na ndugu mmoja tu, Omari. Baada ya Mapinduzi Omari aliingia ubaharia, akaandika barua moja kutoka bandari ambayo jina lake alilikosea, kisha kimya. Haikuja habari kwamba amekufa wala kwamba yuko hai. Sasa hebu fikirini adabu yetu. Ukimwambia mtu pole kwa nduguye ambaye huenda anakula wali mahali fulani, umemchuria kifo. Usipomwambia, umemwacha peke yake. Kwa hiyo watu walikuwa wakimsalimia haraka haraka na kumuuliza habari za baridi. Hakukaa matanga, hakusomesha khitma. Wala hakupata kuvaa nguo mpya sikukuu. Miaka yote alikuwa amekaa juu ya ule ukuta, na hakuna aliyekuwa na neno la kumwambia.

Nitarudi kwake. Kwanza nikuonyesheni kijiji.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee Emrys, mchinjaji mstaafu, ambaye alikuwa mwenyekiti, katibu na mwanachama mkereketwa wa jumuiya ya historia ya Llanwennol. Historia aliikata kama alivyokuwa akikata nyama: kila mteja alipata kipande anachokipenda, na mifupa alibaki nayo mwenyewe. Alituonyesha kanisa la Mtakatifu Gwennol. Alituonyesha jiwe lenye alama mbili za magoti ya mtakatifu, na kisima chake kitakatifu kinachotibu macho. Alituonyesha mzinga uliofyatuliwa mara moja tu kuulinda ufukwe, ukaua ng'ombe wa babu yake. Alituambia kwamba zamani bahari ilimeza kijiji kizima chenye kanisa, na kwamba siku ya utulivu utasikia kengele zikilia chini ya maji. Alitegemea tutaguswa. Abiria wangu waliguswa, wakahamisha mikeka yao mbali na maji. Hakuna aliyekuja kutoka Kingsbury kukaa karibu na majini wenye kengele.

Mwisho akatupeleka kwenye fahari ya kijiji, tanuri la kuchomea chokaa. Alizungumza juu ya tanuri lile mpaka sauti ikamtetemeka. Nilipokuwa nikitafsiri, bibi mmoja wa Makunduchi akaniuliza, "Gaidi, huyu babu ametutoa London kuja kutuonyesha chokaa?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwambie mjomba wangu anachoma mpaka leo. Na halii."

Nikamtafsiria Emrys kwamba bibi amesema tanuri limemkumbusha kwao. Akafurahi sana.

Mimi mambo kama haya hayanitoshi. Nilikuwa nikibaki nyuma na Emrys kumuuliza kila jiwe linasema nini na kila jina limetoka wapi, na yeye hakuwa amepata kuulizwa na mtu tangu afungue jumuiya. Safari ya tatu au ya nne akanifungulia moyo. Gwennol, akasema, ni mbayuwayu. Llanwennol ni kanisa la mbayuwayu, kwa sababu ndege hao walijenga darini. Baadaye kasisi mmoja akaona haya kwamba kanisa lina ndege tu, akampandisha cheo.

"Na magoti?"

"Palikuwa na lango hapo. Hayo ni matundu ya nguzo zake."

"Na kisima?"

Akaangalia kama kuna mtu. "Kijiji cha pili walikuwa na kisima kitakatifu, sisi hatuna. Baba yangu alitoboa bomba."

Msimcheke. Reli ilikuwa imeondolewa, meli za mawe ya kuezekea hazikuja tena, samaki wamepungua. Kijiji kilichoishiwa na kila kitu hakina budi kuuza jana yake, na jana ya Llanwennol ilikuwa haitoshi. Tena nasi tulisaidia. Bahari ya kule hupwa sana, kama ya kwetu upande wa mashariki. Wanawake wetu walipoona maji yamepwa, walikunja nguo, wakatoa mifuko, wakashuka majabalini kuchokoa kome na chaza huku wakiimba. Wanakijiji walitoka madirishani kutazama. Mwaka uliofuata karatasi ya matangazo ilikuwa na mstari mpya: siku ya kuokota kome, desturi ya kale ya Llanwennol. Na walitungoja sisi tufike ndipo waianze, kwa sababu hawakuwa wakiijua.

Siku hizi simu ndiyo gaidi. Inawaambia kata kushoto, umefika, hapa palijengwa na fulani. Ni kazi nzuri, siidharau. Lakini simu haitakwambia kwamba kisima ni bomba, maana aliyeiambia simu ni Emrys.

Sasa Bi Ruzuna. Chakula cha mchana tulikuwa tukila kwenye nyasi nje ya ukuta wa makaburi, pasipo na upepo. Siku moja nikamwona hayupo, na kikapu chake kipo. Nikaingia ndani. Alikuwa kona ya chini kabisa, wanapozikwa wageni, yaani wale waliotupwa na maji.

"Gaidi, njoo usome."

Lilikuwa jiwe dogo limeinama. Chumvi ilikuwa imekula mistari yote isipokuwa neno moja, MORWR, na mbele ya neno hilo kuvu limechora duara, safi kama limepigwa kwa bikari. Ukitaka kusoma O, ilikuwa O.

"Omor," Bi Ruzuna akasema.

"Na hizi za mwisho je, Bi Ruzuna? W na R?"

"Hao Wazungu. Mimi Ruzuna karani wao kaniandika Rosanna mpaka leo, na nilikuwa nimesimama mbele yake namtamkia. Omari kaja maiti. Nani angemtamkia?"

 Neno lile nilikuwa nalijua, kwa sababu Emrys alinifundisha. Morwr ni baharia. Jiwe lilisema hapa amelala baharia asiyejulikana jina, na bibi yake Emrys alipokuwa msichana alikuwa akiliwekea maua. Omari alikuwa bado hajazaliwa, wala mama yake. Lakini Bi Ruzuna alikuwa ameshaketi, ameshajifunika kanga yake kichwani, na humkatizi mtu anayesoma Yasini ili umfundishe Kiwelshi.

Tangu hapo kila safari alikuja na mrehani wa chungu, aliouotesha dirishani Hayes, na kichupa cha marashi. Mrehani haukudumu. Upepo wa kule uliunyonga kabla ya Jumapili ya pili, naye akaleta mwingine. Maalim Bakari hakupendezwa.

"Bi Ruzuna, hapa ni kanisani. Huyo uliyemsomea huenda ni Mkristo."

"Umemuuliza?"

"Nitamuulizaje?"

"Basi na yeye hajakulalamikia."

Mambo yangebaki hivyo lau tusingefanikiwa. Basi likawa mabasi mawili. Barabara ya kijiji ilikuwa nyembamba, na Kamau akikata kona alikuwa akiondoka na kipande cha ukuta wa mtu au kuacha kipande cha basi. Bwana Kanji akapiga simu Llanwennol, akasema mabasi yasipopata pa kugeukia atahamia kwenye mji wenye bembea na bingo. Kijiji kikashikwa na hofu, na kamati ikakaa. Katika kijiji kizima palikuwa na ardhi tambarare mahali pawili tu, kwenye kisima kitakatifu na kwenye kona ya wageni makaburini. Kisima kilikuwa kinaleta watu. Wageni walikuwa wamekufa na hawanunui chai. Likabandikwa tangazo langoni mwa kanisa: mawe ya kona ile yataondolewa na mahali patasawazishwa, na kama kuna mwenye jamaa aliyezikwa hapo, ajitokeze mbele ya kamati Jumapili fulani.

Tangazo hilo mimi ndiye niliyemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumapili hiyo mabasi yanakuja?"

"Yanakuja."

"Niwekee kiti changu."

Njiani Jumapili ile nilikaa karibu naye, nikampa mtu mwingine kipaza sauti. Niliona haifai aingie mbele ya watu akavunjwe na neno ambalo mimi ninalo mfukoni. Nikamwambia yote, nini maana ya morwr, bibi yake Emrys, na maua.

Alitazama nje. Palikuwa na kondoo.

"Gaidi, wewe unadhani mimi sioni? Lile jiwe limeota kuvu mpaka ndevu. Omari alikuwa mtoto wa juzi."

"Sasa, Bi Ruzuna?"

"Huyo naye ana dada yake mahali. Kazini kwetu mtu asipoweza kuja, mwenziwe anamshikia zamu. Mimi namshikia. Na wangu, Inshallah, yuko anayenishikia." Akafunua kikapu. "Kula andazi. Umekonda kwa ukweli."

Kamati ilikaa kwenye chumba cha chai. Walikuwa watu wa heshima, wamevaa suti za kanisani, na mwanamke mwenye duka la barafu za kulamba ndiye aliyeongoza, kwa sababu Emrys, kama mwanahistoria, alitakiwa atoe ushahidi. Mimi nilikuwa mkalimani. Abiria wetu waliobaki walijibanza madirishani na vikapu vyao.

Mwenye duka la barafu akauliza kama bibi huyu anadai ana jamaa pale.

"Mwambie ndugu yangu," Bi Ruzuna akasema.

Nikamwambia.

"Anajuaje?"

"Mwambie pameandikwa."

Yule mwanamke akamgeukia Emrys. Akamwambia, wewe jiwe hilo unalijua, hebu tuambie pameandikwa nini.  Emrys alinitazama mimi, nami nikatazama birika. Mzee huyu alikuwa amesimama miaka yote mbele ya wageni akiapa kwamba matundu ya lango ni magoti, na sauti haikumpotea hata siku moja. Siku ile ilimpotea. Akakohoa.

"Pameandikwa baharia," akasema.

Nikamtafsiria Bi Ruzuna, ingawa alikuwa ameshaelewa kwa sura za watu.

"Waambie Omari kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Ahsante kwa kunithibitishia."

Nilipotafsiri, mzee mmoja wa kamati alianza kusema kwamba mabaharia duniani ni wengi. Emrys akamkata. Alisema mabaharia ni wengi kweli, lakini tangazo limebandikwa, na aliyejitokeza ni mmoja. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na sheria. Alisema bibi yake alipokuwa hawezi tena kutembea aliacha kupeleka maua, na kwamba yeye, Emrys, alikuwa akipita pale kila siku na nyama akasema atapeleka kesho.

Hapo mwenye duka la barafu akaona mwanga, ingawa si ule wa Emrys. Aliuliza huyu ndugu alikuwa wa Zanzibar ile yenye masultani? Nikasema ndiyo hiyo. Nikaona jicho lake limeshakwenda kwenye karatasi ya matangazo. Kona ya wageni ikasalimika kwa kauli moja, na ikaamuliwa kwamba mabasi yatageukia kwenye kisima kitakatifu. Mtakatifu Gwennol hakuwa na jamaa wa kuja kumlalamikia. Kisima kikafukiwa kwa kokoto. Mwaka uliofuata kiliibuka upande wa pili wa barabara, nyuma ya choo cha umma, kikiwa na nguvu zake zote za kutibu macho.

Karatasi mpya ya matangazo ilipotoka, ilisema Llanwennol ina kaburi la Omor, mwana wa mfalme wa Zanzibar, aliyevunjikiwa na jahazi akitafuta mchumba. Nikamsomea Bi Ruzuna.

"Omari mwana wa mfalme," akasema. "Omari hata viatu alikuwa akiazima." Akaikunja karatasi akaitia kikapuni, na nilimwona siku nyingine akiionyesha watu.

Sasa imebaki njia. Mabasi yalikuwa yakipita ubavuni mwa makaburi kwenda kugeuka, na Emrys akataka pawe na ubao langoni wa kuwaambia madereva wapunguze mwendo. Kiwelshi anacho, Kiingereza anacho. Akasema ni adabu neno liwepo pia kwa lugha ya wageni. Akaniuliza sisi tunasemaje, nikamwandikia juu ya pakiti ya sigara: POLEPOLE.

Nyinyi mliosoma mtajua kupima ubao kabla ya kuanza kuandika. Emrys alikuwa mchinjaji. Alianza juu kwa ARAF, herufi nene za fahari. Akaja SLOW. Alipofika kwetu nafasi ilikuwa imemwishia nusu ya neno. Akalitazama neno lenyewe kwenye pakiti, akaona ni kitu kile kile mara mbili, akaamua kwamba mara moja inatosha.

Jumapili iliyofuata tulisimama langoni. Bi Ruzuna alikuwa wa kwanza kushuka, na mrehani wake. Akafika kwenye ubao akasimama. Waliomfuata wakasimama nyuma yake, mmoja mmoja, na vikapu. Sote tulisoma. Chini ya ARAF ya Maalim, kwa rangi nyeupe ambayo bado ilikuwa ikinata, palikuwa na neno moja: POLE.

Nilitaka kueleza. Nilifungua hata mdomo. Kazi yangu ilikuwa kueleza.

Maalim Bakari alinitangulia. Alivua kofia, akairudisha, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, Bi Ruzuna." Bibi wa Makunduchi akasema pole. Bwana Kanji, ambaye siku ile alikuwa amekuja kuwakagua madereva, akasema, "Pole sana, dada yangu." Wakaendelea hivyo, kila aliyeshuka basini akisoma ubao na kumwambia, watu waliokuwa wakimuuliza habari za baridi miaka yote ile.

Bi Ruzuna hakumgeukia yeyote. Aliujibu ubao, kama anavyojibiwa mtu anayekupa pole.

"Nishapoa."

Nyuma yetu Kamau akapiga honi, maana basi la pili lilikuwa limeziba njia na mwenye duka la barafu ameshatoka nje kulalamika.

"Gaidi," Bi Ruzuna akaniambia, akipangusa kidole chake kilichoshika rangi, "mwambie yule kijana aache. Hajui kusoma?"